Tajiri Anataka Nikubali Kosa Ili Kanta Irudi Kazini. Nikubali?

Swali: Shikamoo wakili. Mimi ni dereva wa kanta, nabeba nyanya na vitunguu kutoka Taveta kupeleka soko la Kongowea. Mwezi uliopita, saa mbili usiku, nimeshapita Maji ya Chumvi nakaribia Mariakani, bodaboda ikachomoka kutoka njia ya vumbi mkono wangu wa kushoto, haina taa. Nilikanyaga breki lakini nikaipata ubavuni. Mwenye boda alitoka na michubuko, abiria wake, mama mmoja, akavunjika mguu. Polisi wamenishtaki kwa kuendesha gari bila uangalifu. Tajiri anasema nikubali kosa, faini atalipa yeye, maana kanta iko kituoni mpaka leo. Hata askari aliyeandika kesi ameniambia, "Kubali tu yaishe." Natakiwa kortini Jumanne ijayo. Nikubali? Na je, lazima niwe na wakili?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Pole kwa ajali, na yule mama Mungu amjalie apone vizuri.

Kwa maelezo uliyonipa, usikubali. Unaniambia chombo kilitoka pembeni gizani bila taa, ukafunga breki, ukakigonga ubavuni kikiwa kinakatiza mbele yako. Huo ni utetezi. Mtu mwenye utetezi akisimama mbele ya hakimu na kusema "ni kweli," anautupa utetezi wake kwa mkono wake mwenyewe, na kuurudisha baadaye ni kazi ngumu kuliko unavyodhani. Tajiri wako ana haki ya kutaka gari lake. Lakini anayeulizwa pale kizimbani ni wewe, na leseni inayoguswa ni yako.

Yako makosa ya barabarani ambayo mimi mwenyewe humwambia mteja akubali, alipe, aende zake. Tangu kanuni za makosa madogo za mwaka 2016, faini zake zinajulikana: kutofunga mkanda shilingi 500, kushika simu ukiendesha shilingi 2,000, kupita mwendo kwa kilomita 6 hadi 10 shilingi 500, kwa kilomita 16 hadi 20 shilingi 10,000. Ukiwa umeshikwa kweli na kosa la aina hiyo, kupanda na kushuka kortini miezi sita ni hasara tupu. Tatizo ni kwamba madereva wengi wamezoea hizo, basi wanadhani kila shtaka la trafiki ni la namna hiyo. Lako si la namna hiyo. Kuendesha bila uangalifu kumeandikwa katika kifungu cha 49 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, na nyuma ya shtaka lako kuna mtu aliyevunjika mguu ambaye siku moja atatafuta fidia.

Hilo la fidia ndilo ambalo askari hakukwambia, pengine hata yeye halifikirii. Sheria ya Ushahidi ina kifungu cha 47A. Kinasema kwamba mtu akishatiwa hatiani na korti, na muda wa rufaa ukapita, hukumu ile ni ushahidi wa mwisho kwamba alitenda kosa hilo. Yule mama ana miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi ya madai. Wakili wake atakachofanya kwanza ni kwenda kutafuta jalada lako la trafiki. Akikuta uliungama, anachukua nakala ya hukumu na kuiweka mezani, na wewe huwezi tena kusema kwamba uliendesha kwa uangalifu. Nimewahi kumpokea dereva wa gari la shule aliyelipa faini asubuhi moja akaenda zake akishukuru. Miaka miwili baadaye aliletewa karatasi za madai, na ukurasa wa nne ulikuwa na maneno yake mwenyewe ya kizimbani. Tulifanya tulichoweza, lakini nusu ya kesi ilikuwa imeshamalizwa na yeye siku ile.

Sisemi kwamba mlango unafungwa wote. Korti ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Robinson dhidi ya Oluoch ya mwaka 1971, ilisema kwamba aliyehukumiwa kwa kuendesha bila uangalifu hawezi kukana uzembe wake, lakini bado anaweza kuonyesha kwamba na mwingine alichangia ajali. Kwa hiyo hata dereva aliyekubali bado anaweza kusema bodaboda nayo ilikosea. Lakini wewe utoke kwenye kusema "kosa lilikuwa lake" uingie kwenye kubishania asilimia ngapi ni zako, kwa sababu gani? Na mwambie tajiri hili kwa upole, kwa sababu linamhusu: katika kesi ya madai atashtakiwa pamoja na wewe, kwa kuwa ulikuwa kazini kwake. Bima ya mtu wa tatu inalipa, lakini sheria imeiwekea mpaka wa shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja, na kinachozidi hapo kinamtafuta mwenye gari. Faini anayotaka kukulipia leo ndiyo itakayomgharimu kesho.

Kuhusu kanta kukaa kituoni, hilo halina haja ya wewe kuungama. Polisi wanaishikilia ili ikaguliwe. Ikishakaguliwa na kupigwa picha, mwenyewe aandike barua kuiomba, na kama hawaitoi, hakimu aombwe aamuru itolewe kwa sharti kwamba italetwa ikihitajika. Maombi haya hufanywa kila wiki. Mimi nashangaa kila mara nikisikia dereva ameungama kosa ili gari litoke, wakati barua ya ukurasa mmoja ingelitoa.

Sasa tuje Jumanne yenyewe. Asubuhi ya kesi za trafiki watu ni wengi, majina yanaitwa haraka, na karani anasoma mashtaka kama mtu anayewahi basi. Usikubali haraka hiyo ikumeze. Kuna kesi ya mwaka 1973, Adan dhidi ya Jamhuri, ambayo mpaka leo ndiyo inayoongoza jinsi mshtakiwa anavyoulizwa jibu lake. Shtaka na kila kiungo chake lazima lielezwe kwa lugha unayoielewa. Kama Kiduruma au Kigiriama ndicho unachokielewa vizuri zaidi, omba mkalimani, ni haki yako ya kikatiba na hulipi kitu. Ukijibu kwamba ni kweli, maneno yako yaandikwe kama ulivyoyasema. Kisha kiongozi wa mashtaka asome mambo yalivyotokea, na wewe uulizwe kama unayakubali, unayapinga, au una la kuongeza. Ukisema jambo linaloonyesha kwamba huna hatia, hakimu anapaswa kuandika kwamba umekana.

Hapo ndipo madereva wengi hunaswa. Utasikia mtu anasema, "Ni kweli mheshimiwa, lakini yeye hakuwa na taa." Anadhani amejitetea. Hakimu makini atasimama pale na kuandika kwamba amekana. Asiye makini, au aliyechoka na majalada 60, ataandika "ni kweli" na kuendelea. Kwa hiyo usichanganye. Kama unakana, kana kwa neno moja. Na ujue kwamba aliyeungama hana rufaa dhidi ya kutiwa hatiani. Kifungu cha 348 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinamwachia kulalamikia adhabu peke yake, isipokuwa akionyesha kwamba kuungama kwenyewe hakukuwa wazi. Rufaa ina siku 14 tu.

Ukishakana, mambo mawili yafuate papo hapo. La kwanza ni dhamana. Katiba, ibara ya 49, inakupa haki ya kuachiliwa kwa masharti ya kadiri kesi ikiendelea, na kama uliweka dhamana ya pesa kituoni, omba iendelee hiyo hiyo. La pili, na hili ndilo wasio na wakili husahau, omba ushahidi. Ibara ya 50 inasema mshtakiwa ajulishwe mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka utautegemea, na aupate. Sema mbele ya hakimu ili iandikwe: naomba taarifa za mashahidi, mchoro wa eneo la ajali, ripoti ya ukaguzi wa magari yote mawili, na fomu ya P3, ile ambayo daktari huandika majeraha ya majeruhi. Usipangiwe tarehe ya kusikilizwa kabla hujavipata na kuvisoma.

Karatasi hizo zisome usiku, umekaa peke yako, mara tatu. Kesi ya trafiki hushindwa au hushinda humo, si katika maneno makali ya wakili. Upande wa mashtaka hautoshelezi kazi yake kwa kuthibitisha kwamba ajali ilitokea. Ajali hata wewe unakubali ilitokea. Lazima waonyeshe kwamba wewe uliendesha chini ya kiwango cha dereva makini, na wafanye hivyo bila kubakisha shaka ya maana. Korti zetu hutaja mara kwa mara kesi ya Uingereza ya mwaka 1971, ya dereva aitwaye Gosney. Hiyo ilihusu uendeshaji wa hatari, shtaka zito kuliko lako, lakini fundisho lake linakusaidia: haitoshi hali kuwa ya hatari, lazima dereva awe na kosa fulani lililoileta hali hiyo. Kama hali iliyotokea usiku ule ililetwa na pikipiki isiyo na taa, kosa lako ni lipi? Swali hilo libebe tangu mwanzo hadi mwisho.

Anza na ripoti ya mkaguzi. Kanta yako imeumia wapi? Mbele, sawa, lakini upande gani wa mbele? Na pikipiki? Kama ilikuwa inakatiza kutoka kushoto kwako, ubavu wake wa kulia ndio ulioumia. Kama ungekuwa umeifuata kwa nyuma na kuiparamia, kama mwenye boda huenda akadai, basi mkia na taa ya nyuma ndivyo vingevunjika. Chuma hakina jamaa wala adui. Kisha angalia mkaguzi aliandika nini kuhusu taa ya mbele ya pikipiki. Mara nyingi haandiki kitu, kwa sababu hakuulizwa. Muulize wewe kortini: uliijaribu? Balbu ilikuwepo? Waya zilifika?

Halafu mchoro. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoona kesi nyingi zikianguka. Mchoro unachorwa na askari ambaye, karibu kila mara, hakuiona ajali. Anafika baada ya saa nzima, pikipiki imeshavutwa kando, majeruhi ameshapelekwa hospitali, na watu wamekanyaga kila alama. Anaweka msalaba penye mgongano. Nani alimwonyesha pale? Kama ni mwenye boda, ule msalaba ni neno la mwenye boda lililovaa sare. Niliwahi kumtetea dereva wa matatu ambaye mchoro wa kesi yake ulisema mgongano ulikuwa mita 2 kutoka ukingo wa barabara. Ukingo upi? Barabara ina kingo mbili. Ukihesabu kutoka kushoto, mteja wangu alikuwa njia yake, hana kosa. Ukihesabu kutoka kulia, alikuwa amevuka kwenda kwa wenzake. Shahidi aliutazama mchoro wake mwenyewe dakika nzima akashindwa kusema. Hakimu aliona hakuna kesi ya kujibu, na dereva yule hakuhitaji kufungua mdomo.

Ukijitetea mwenyewe, maswali kwa shahidi yawe mafupi, na usigombane naye. Usimwambie askari "wewe ni mwongo." Muulize alifika saa ngapi. Akisema saa tatu na robo, muulize kama pikipiki aliikuta ilipoangukia. Akisema ilikuwa imevutwa kando, muulize nani aliyeivuta, na kama yeye alikuwepo. Muulize alipima alama za breki urefu gani, na ziko upande gani. Muulize kama pale pana taa za barabarani. Kila swali liwe na jibu unalolijua tayari. Ukipata unachokitaka, kaa chini. Nimeona watu wanauliza swali moja la ziada, la kumkomesha shahidi, na lile ndilo linalowazamisha.

Utasikia pia shahidi akisema, "Kanta ilikuwa mbio sana." Sheria ya Trafiki hairuhusu mtu ahukumiwe kwa kosa la kupita mwendo kwa maoni ya shahidi mmoja tu aliyekisia kwa macho. Wewe hukushtakiwa kwa mwendo, lakini hoja ile ile inapunguza uzito wa maneno hayo. Muulize alikuwa wapi, aliiona kanta kwa muda gani kabla ya mgongano, na gizani alipimaje. Kama kanta ina kidhibiti mwendo chenye kurekodi, au tajiri ameifunga traka, kile kifaa cha kufuatilia gari, omba rekodi ya saa ile sasa hivi, kabla haijafutika. Hii ni kazi ambayo tajiri anaweza kuifanya badala ya kukusukuma uungame.

Hakimu akiona una kesi ya kujibu, utachagua: kutoa ushahidi kwa kiapo, kusema bila kiapo, au kunyamaza. Ukisema bila kiapo huulizwi maswali, na kwa sababu hiyo maneno yako hupewa uzito mdogo. Kwa dereva mkweli mwenye kumbukumbu nzuri nashauri kiapo, na yule turnboi wako, kama ulikuwa naye, aje pia. Asikae ndani ya korti wakati wewe unatoa ushahidi.

Je, lazima wakili? Kwa shtaka hili, si lazima. Wapo waliojitetea wakashinda, na hakimu ana wajibu wa kukuongoza katika hatua. Lakini kuna jambo moja linalobadilisha kila kitu. Mgonjwa wa mguu uliovunjika anaweza, Mungu apishe mbali, kupata matatizo hospitalini. Mtu akifariki kwa ajili ya ajali, shtaka linaweza kubadilishwa kuwa la kifungu cha 46, kusababisha kifo. Hilo ni kifungo kinachoweza kufika miaka 10, na ukipatikana na hatia leseni inafutwa miaka 3. Hapo usisimame peke yako hata siku moja. Kama huna pesa, kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Kwa sasa, kama unaweza kumlipa wakili kwa siku ya ushahidi wa askari na mkaguzi tu, pesa hiyo haitapotea.

Yule mama nenda kamwone, au mtume mtu wa familia yako. Kumjulia hali mgonjwa ni ubinadamu, na hakuna hakimu atakayekuhukumu kwa kupeleka matunda. Ila usiandike wala kutia sahihi karatasi yoyote ya "nakubali kugharamia," hata ukiombwa na wazee. Na askari akikuashiria kwamba jalada linaweza kupotea kwa kitu kidogo, kataa. Mtoaji naye ni mkosaji chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, na jalada lililopotea hupatikana tena siku mbaya zaidi.

Nimejibu yote haya nikiamini ulivyoniambia. Lakini wewe peke yako ndiye unayejua kilichotokea ndani ya ile kanta. Kama ulikuwa unasinzia baada ya safari ndefu kutoka Taveta, au macho yalikuwa kwenye simu, ushauri wangu si huu. Basi tafuta wakili akazungumze na upande wa mashtaka, kwa sababu tangu 2008 sheria inaruhusu makubaliano ya kuungama, yaani unakubali kosa kwa masharti mliyokubaliana na upande wa mashtaka. Hakimu pia ana uwezo wa kutoa adhabu nyepesi, hata kazi ya jamii, kwa mtu wa kosa la kwanza mwenye familia na aliyesaidia majeruhi. Kuungama ulichokitenda ni heshima. Ninachokipinga kwa nguvu zangu zote ni mtu kuungama asichokitenda kwa sababu mwingine ana haraka.

Zimebaki siku chache. Rudi pale penye ajali, mbele ya Maji ya Chumvi, saa mbili usiku, si mchana, pamoja na mtu mwingine. Piga picha ile njia ya vumbi inapoingilia barabara, picha ya giza lenyewe, na pima upana wa lami kwa utepe. Uliza kwenye vibanda vya karibu nani alikuwepo, uandike jina na nambari ya simu. Kituoni chukua nambari ya OB ya ajali, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na uangalie tarehe na saa uliyoripoti iko sawa. Jumanne fika saa mbili asubuhi, na kitambulisho, leseni na risiti ya dhamana. Jina lako likiitwa, simama wima, sikiliza shtaka mpaka mwisho, na ukiulizwa jibu useme, "Si kweli, mheshimiwa." Kisha omba zile karatasi.